Urithi wa Sikio

Watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na wakimwona mtoto wa mpiga ngoma akipiga ngoma hawatafuti maelezo mengine. Ni damu, wanasema, kazaliwa nayo. Inasikika kama sifa, kumbe inamnyima mtoto jasho lake na mzazi kazi yake. Damu haijui kukaza uzi wa zeze wala kuulegeza. Kinachorithiwa katika nyumba ya wanamuziki ni kitu kinachochukua miaka kuingia na ambacho kikishaingia hakitoki, nacho ni sikio.

Kwa Tanzania, mfano ulio wazi ni ukoo wa Zawose. Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, kijiji cha Wagogo mkoani Dodoma, katika nchi kame ya mibuyu, mtama na ng'ombe. Alikua akichunga mifugo na kumsikiliza baba yake. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere, aliyetaka taifa jipya lijivunie sanaa zake lenyewe, alimwita Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, Hukwe akawa miongoni mwa waliofundisha hapo, na makazi yake yakawa Bagamoyo, kwenye minazi na upepo wa bahari, ambako Kigogo ni lugha ya wageni. Nyumba ikajaa wake, watoto, wapwa na wajukuu. Kutoka hapo alikwenda kupiga Ulaya, mara nyingi pamoja na mpwa wake Charles, na sauti yake ikarekodiwa katika albamu kama Chibite ya mwaka 1996, iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Hukwe alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Charles akafuata mwaka 2004.

Misiba miwili ya karibu namna hiyo ingetosha kuuzima muziki wa nyumba yoyote. Haikuuzima huu, na sababu yake tutaielewa tukikiangalia kwanza chombo chenyewe.

Ilimba, ambayo wengi tunaiita marimba ya mkono, ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu ya daraja, vikipigwa kwa vidole gumba. Zipo ndogo za kubebwa njiani na zipo kubwa zenye vyuma vingi, za kupakatwa. Vyuma hivyo mara nyingi huanza maisha yake vikiwa misumari, kisha fundi huvifua mpaka vinakuwa bapa. Cha ajabu ni kwamba baadhi ya vyuma havipigwi kabisa. Vimewekwa pale vitikisike vyenyewe kila chuma jirani chenye sauti inayooana navyo kinapoguswa, kwa hiyo anayepiga sauti moja husikika kama ameamsha nyingine nyuma yake. Juu ya hilo, tundu la sanduku hufunikwa kwa utando wa buibui, ule mgumu anaofungia mayai yake, na utando huo hukoroma kila sanduku linapovuma. Mkoromo huo si kasoro. Ndio chumvi ya muziki wenyewe. Fundi mitambo asiyeujua angedhani spika yake imepasuka.

Niliwahi kukaa kando ya mpigaji mmoja, si wa ukoo huo, nikimtazama akiiweka sawa ilimba yake kabla ya onyesho. Alikigusa chuma, akasikiliza, akakisukuma ndani kidogo kuelekea kwenye daraja ili sehemu inayotetemeka ifupike na sauti ipande. Akakigusa tena. Kingine kilikuwa juu mno. Alichukua punje ya nta ya nyuki, akaifinyanga kwa vidole na kuibandika chini ya ncha ya chuma, uzito ule ukaishusha sauti. Hakuwa na kifaa cha kupimia, hakuimba kwanza sauti anayoitafuta, wala hakumwuliza mtu. Alikuwa akizungumza nasi kuhusu bei ya nauli. Mara akanyamaza katikati ya sentensi, akabana nta kidogo zaidi, kisha akaendelea na nauli pale pale alipoishia. Sauti aliyokuwa akiitafuta ilikuwa tayari ndani yake. Kazi ya mkono ilikuwa kukifikisha chuma mahali ambapo sikio limekwishafika.

Na sauti hiyo si ile ya kinanda. Uzi ukivutwa hautoi sauti moja tu. Juu ya sauti nene inayosikika kwanza huwa kuna nyingine nyembamba zinazopanda kwa mpangilio wa maumbile, ambao haukutungwa na mtu. Mtafiti wa muziki wa Afrika Gerhard Kubik ameonyesha jinsi Wagogo walivyoujenga muziki wao juu ya mpangilio huo, wakichukua sauti zake kuanzia ya 4 hadi ya 9 hivi na kuzifanya ngazi ya kuimbia. Sauti ya 7 katika mpangilio huo iko chini kidogo kuliko ile iliyo karibu nayo kwenye kinanda. Mtoto aliyelelewa na kinanda cha kanisani ataisikia kama imekosewa. Aliyelelewa na ilimba ataona kinanda ndicho kilichokosea. Hakuna anayezaliwa akiwa na maoni hayo. Yanaingizwa kidogo kidogo, mama akiimba huku akitwanga, wajomba wakigombana kuhusu chuma kimoja kisichokaa, mtoto akilala katikati ya mazoezi na kuamka yakiwa bado yanaendelea.

Ndiyo maana familia hufundisha kwa namna ambayo shule haiwezi, hata shule nzuri. Chuoni kuna ratiba. Mwanafunzi husikia muziki kwa saa mbili kisha anakwenda kula. Nyumbani chakula chenyewe huandaliwa muziki ukiendelea. Mtoto wa nyumba hiyo husikia kile ambacho mgeni hasikii kamwe, yaani makosa. Jukwaani anaona wimbo uliokamilika, lakini uani ameusikia ukivunjika na kuanzwa upya, ameona baba akisimamisha watu wote kwa sababu ya njuga moja iliyochelewa, na bila kuambiwa neno amejua kuchelewa ni nini. Pia anaruhusiwa kupiga vibaya mbele ya wakubwa kwa miaka mingi kabla mtu hajamlipia kiingilio.

Nchini Mali kuna ushahidi unaofanana na huu. Toumani Diabaté, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa mtoto wa Sidiki Diabaté, mpigaji mashuhuri wa chombo cha nyuzi kiitwacho kora, lakini mwenyewe alieleza kwamba baba yake hakumkalisha chini kumfundisha. Alijifunza kwa kusikiliza. Mwaka 1970 Sidiki alishiriki katika rekodi iliyopewa jina la Nyuzi za Kale. Mwaka 1999 Toumani na Ballaké Sissoko, ambao baba zao wote wawili walipiga katika rekodi ile, wakatoa yao na kuiita Nyuzi Mpya za Kale. Mwaka 2014 Toumani akarekodi na mwanawe, naye akiitwa Sidiki. Vizazi vitatu, chombo kile kile, na kila kizazi kimepiga kwa namna ambayo kilichotangulia kisingepiga. Hawakuiga mikono ya baba zao. Walipewa kipimo, kisha wakaachiwa mikono yao.

Hapo ndipo ninapowapenda zaidi Wazawose, kwa sababu kwao jambo hili lilijaribiwa mahali pagumu. Kwa mila ya Wagogo, wanawake hawakuwa pembeni ya muziki. Ngoma ya muheme ni yao: wanazibana mapajani ngoma zenye kiuno chembamba, wanazipiga kwa mikono. Lakini ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume, pamoja na nafasi ya kuongoza wimbo. Katika kundi la Hukwe, mabinti na wake waliitikia, walicheza, walipiga ngoma. Jina lililoandikwa kwenye bango lilikuwa la mwanamume.

Leo Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, wanapiga ilimba na zeze, wanatunga, na wanaongoza kuimba wakiwa kundi lao wenyewe. Albamu yao, Maisha, ilitoka mwaka 2024 kwa Real World, kampuni ile ile iliyomtoa Hukwe. Unaweza kusema wamevunja mila, na hutakuwa umekosea. Lakini isikilize rekodi hiyo, kisha urudi kwenye rekodi za Hukwe. Mkoromo upo. Sauti zinapishana kama zilivyopishana Doduma. Ile sauti ya 7 iko pale pale inapotakiwa kuwa, chini kidogo ya kinanda, hata pale ambapo chini yake kuna mitambo ya studio. Wameikataa sehemu ya desturi iliyosema nani apige, wakaishika kwa nguvu sehemu iliyosema chombo kilie vipi.

Tena walikuwa na haki kuliko mtu yeyote kufanya hivyo. Mwitikiaji ndiye anayeujua wimbo kwa undani. Kiongozi anaweza kupotea, akaongeza maneno, akaruka ubeti; mwitikiaji hana ruhusa hiyo. Akiyumba yeye, wimbo wote unaanguka. Kwa hiyo wale waliokaa nyuma ndio waliokuwa wakiushikilia muziki wa ukoo siku zote, bila mtu kuwataja kwenye jalada. Kiongozi alipoondoka, muziki haukuondoka naye, maana haukuwa umekaa kwake peke yake.

Naye Hukwe hakuwa mlinzi wa makumbusho. Aliuchukua muziki wa sherehe za kijijini, wa watu wengi wakiimba wima uwanjani, akaufanya uweze kusimama jukwaani kwa watu wawili watatu. Aliimba Kigogo na Kiswahili. Mwaka 2002 alitoa albamu Assembly pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Mwanawe Msafiri alikwenda mbali zaidi. Albamu yake Uhamiaji ya mwaka 2017 imechanganya ilimba na zeze na vyombo vya umeme. Wapo wanaosikitika wakisikia hivyo. Huwa nawauliza wanamsikitikia nani. Hukwe alipoihamisha ilimba kutoka Dodoma hadi pwani, na kutoka uwanjani hadi jukwaani, alifanya badiliko kubwa kuliko kuongeza spika.

Hata hivyo sitaki kuipamba familia ya wanamuziki kupita kiasi. Jina kubwa ni mzigo. Mtoto wa fundi cherehani akishona vibaya anaambiwa ajifunze. Mtoto wa mwanamuziki maarufu akikosea anaambiwa ameliaibisha kaburi. Wageni hufika wakitaka kumsikia marehemu kwenye koo la aliye hai. Baadhi ya watoto hao hukataa kabisa kupiga, wakaenda kuwa madereva na wahasibu, na wana haki hiyo. Kisha kuna njaa: ngoma ya asili hailipi kama muziki wa kumbi za starehe, na nyumba yenye watu wengi hula kila siku hata kama tamasha ni mara moja kwa mwaka. Familia inayoendelea kupiga katika hali hiyo haifanyi hivyo kwa sababu ya damu. Imeamua, na uamuzi huo huurudia kila msimu.

Sisi wengine, tusiotoka nyumba za namna hiyo, tumezoea kudhani kuhifadhi ni kurekodi. Rekodi ni muhimu, na bila hizo nisingeijua sauti ya Hukwe. Lakini rekodi huhifadhi wimbo ulivyotoka siku moja. Haihifadhi ule ubishi kuhusu chuma kisichokaa, wala sababu ya mzee kukunja uso. Wala tamasha haliwezi peke yake, ingawa ninafurahi kwamba Chamwino, huko huko Dodoma, kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Kigogo, ambako vikundi vya vijiji husikilizana na watoto hupanda jukwaani pamoja na wazee. Uzuri wa tamasha la namna hiyo ni kwamba wanaohukumu wamekaa kwenye hadhira. Mwimbaji akikosea, bibi wa mstari wa mbele anajua.

Kwa hiyo, mtu akitaka kujua kama urithi wa muziki bado uko hai katika nyumba fulani, asihesabu albamu, asitazame picha za babu ukutani, wala asiulize mtoto anafanana na nani. Ampe mjukuu ilimba ambayo vyuma vyake vimevurugwa, pamoja na punje ya nta, kisha amwache. Akiirudisha imekaa sawa bila kumwuliza mtu, urithi upo. Baada ya hapo, apige wimbo wa mababu au wa kwake, awe wa kiume au wa kike, avae kaniki au jinzi, hayo ni mambo yake. Kipimo anacho, na aliyempa kipimo hana haki tena ya kumchagulia wimbo.