Usingizi wa Hamza: jeraha la vita katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 imeelekeza singe yake mbele, kama kwamba vita bado havijaisha. Si mbali na hapo, wauzaji na wanunuzi wa Kariakoo hupita kila siku ndani ya jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, na ni wachache wanaolikumbuka hilo. Baina ya sanamu na soko hakuna alama yoyote inayoeleza jinsi askari yule, au mpagazi yule, alivyolala usiku aliporejea kwao. Hapo ndipo alipoingia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, kwa riwaya yake Afterlives, iliyotoka mwaka 2020.

Hamza amejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, akiwa kijana asiyejua vyema anakimbia nini wala anakimbilia wapi. Vita vikisha, anarudi katika mji wa pwani aliowahi kuishi, akichechemea kwa jeraha la nyonga alilotiwa, si na adui, bali na sajini wa Kijerumani wa jeshi lake mwenyewe. Anapata kazi kwa mfanyabiashara, kisha stoo ya kulala nyumbani kwa Khalifa. Mchana ni mtu mpole, mwenye adabu, mwepesi wa kazi. Khalifa humdadisi, naye hukwepa. Usiku ndio husema yale ambayo mchana umeyafunika.

Gurnah hatoi jina la maradhi, na amefanya vyema, kwani wakati ule jina hilo halikuwapo. Charles Myers aliandika juu ya mshtuko wa mizinga mwaka 1915, na maofisa wa Kiingereza walipelekwa katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, ambako daktari William Rivers aliwaacha wazungumze. Kwa askari na wapagazi wa Afrika Mashariki hakukuwa na Craiglockhart. Maradhi ya kiwewe yanayodumu baada ya tukio la kutisha yaliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Msomaji wa leo, hata hivyo, hapati tabu kuyatambua kwa Hamza: tukio humrudia ndotoni, naye huepuka kila neno linaloweza kulifungua. Hali ya namna hiyo ikipita mwezi na kumvurugia mtu maisha yake, matabibu huihesabu kuwa ni ugonjwa; na ni ugonjwa wenye tiba, ama ya mazungumzo yenye mpango mbele ya mtaalamu, ambamo mgonjwa hulikabili tukio kidogo kidogo, ama, kwa wengine, ya dawa.

Kiswahili nacho hakikukosa maneno. Jinamizi, kabla ya kuwa ndoto mbaya tu, lilikuwa kitu kinachomkalia mtu kifuani usingizini akashindwa kupiga kelele. Kiwewe kilikuwa ni ile hali ya kuchanganyikiwa, mtu asijue ashike lipi. Ni maneno yaliyoona vizuri. Yaliloishiwa nalo ni la kufanya asubuhi, jinamizi likishaondoka.

Na hapa ndipo riwaya inapostahili kuhojiwa. Hamza anamwoa Afiya, na kwake anajifunza kusimulia, kipande leo, kipande baada ya muda. Kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo nzuri kabisa katika kitabu, na ndizo zinazotia shaka zaidi. Afiya mwenyewe alivunjwa mkono utotoni kwa kosa la kujua kuandika. Kaka yake, Ilyas, amekwenda vitani hakurudi. Nani anamsikiliza yeye? Kwa muda mrefu masimulizi yanakaribia kumfanya mke awe ndiyo hospitali, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za mwambao, ambamo mwanamume mwenye kidonda cha ndani husifiwa kwa ustahamilivu wake na mkewe akalipa gharama ya sifa hiyo.

Gurnah haiachi hesabu hiyo ifungwe hivyo. Anamleta mtoto. Mwana wa Hamza na Afiya amepewa jina la mjomba aliyepotea, na akiwa bado mdogo anaanza kusikia sauti ya kike ikimuulizia Ilyas. Kisichosemwa na wazazi kimehamia kwa asiyekiona. Shekhiya anaitwa, ubani unafukizwa. Mhakiki mwenye haraka ataisoma sehemu hii ama kama kejeli juu ya uganga, ama kama utetezi wake. Yote mawili ni kuikosea. Sherehe ile haimtibu mtoto kama mchango unavyotolewa tumboni. Inachofanya ni kulitamka hadharani, mbele ya nyumba nzima, swali ambalo kila mmoja alilizunguka: Ilyas yuko wapi? Hamza naye, kwa njia yake ya wino na karatasi, analiandikia swali hilo hilo barua mpaka Ujerumani, kwa mke wa mchungaji aliyemuuguza wakati wa vita, na kwa barua hiyo anaingia mashakani mbele ya serikali ya Waingereza.

Sura za mwisho zimelaumiwa kuwa zimekwenda mbio na kwa ukavu. Lawama hiyo ina haki kwa upande wa mwendo, haina haki kwa upande wa ukavu. Mwaka 1963 Ilyas mdogo, sasa mtu mzima, anapata nafasi ya masomo Ujerumani Magharibi, na huko anafungua majalada. Mjomba aliyelitumikia jeshi la Kaiza, akaimba, akabeba bendera akidai koloni zirudishwe kwa Wajerumani, alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1942. Gurnah analiandika hilo kwa sauti ile ile ya karani, bila machozi, karatasi juu ya karatasi, na anayesoma ni yule yule mtoto aliyekuwa akinong'onezwa.