Jinsi Duma Walivyofanya Kazi Bila Mpiga Drams

Bendi yoyote ya muziki mzito ikitaka kurekodi Majengo, ya Embu au ya Meru, kikwazo cha kwanza ni drams. Nyumba zimebanana, majirani wanatenganishwa na ukuta mmoja, na paa ni mabati. Drams zikipigwa kwa nguvu hufikia desibeli 100 na zaidi. Ndiyo sababu nawahimiza vijana wa huku waichunguze kwa makini albamu ya kwanza ya Duma, iliyotengenezwa bila mpiga drams.

Duma walikuwa wawili kutoka Nairobi: Martin Khanja, mwenye sauti, na Sam Karugu, mpiga gitaa na mtayarishaji. Wote walikuwa wamepitia bendi za metal za jijini. Albamu hiyo waliirekodi Kampala katikati ya mwaka 2019, katika studio za Nyege Nyege, na ikatoka Agosti 2020.

Ukikosa mpiga drams, njia iliyozoeleka ni kupanga mapigo kwenye kompyuta, kisha kuficha kwamba ni ya kompyuta: hili linalegezwa kidogo, lile linacheleweshwa kidogo, ili msikilizaji adhani kuna mtu amekaa pale. Duma hawakuficha. Mapigo yao ni makavu, yanalingana, na hayachoki.

Hesabu inaonyesha faida ya uamuzi huo. Kwa mwendo wa midundo 200 kwa dakika, kila mdundo ukigawanywa mara nne, tunapata mapigo 800 kwa dakika, yaani takribani 13 kwa sekunde. Kasi hiyo mpigaji hodari anaiweza, na mvuto wake unatokana na mwili kujikaza. Sikiliza albamu "Scum" ya bendi ya Napalm Death, ya mwaka 1987, ambayo upande wake wa kwanza ulirekodiwa Birmingham mwaka 1986: mpiga drams wao, Mick Harris, anapiga hadi unahisi jasho lake. Kompyuta haina jasho, lakini inaweza kuvuka mpaka. Mapigo yakizidi takribani 20 kwa sekunde, sikio huacha kuyahesabu na huanza kusikia mvumo mmoja. Duma wanacheza karibu na mpaka huo, mahali ambapo mdundo unageuka kuwa kelele.

Jambo la pili ni nafasi ya sauti ya mtu. Mayowe na gitaa lililokwaruzwa hugombea eneo lilelile, takribani hezi 1,000 hadi 4,000. Vyote vikijaa, kimoja kinazama. Karugu hang'ang'anii gitaa lisikike kama gitaa; mara nyingi analiyeyusha ndani ya kelele za mashine. Katika "Lionsblood", koo la Khanja ndilo linaloongoza wimbo.

Upungufu upo. Nguvu ikikaa juu kwa muda mrefu, sikio linachoka, na maneno mengi yanapotea. Ningependa vituo zaidi vya ukimya, kwa sababu kishindo hupata uzito kutokana na utulivu uliokitangulia.

Kwa bendi ya Majengo, funzo ni la vitendo. Panga mapigo ukiwa umevaa hedifoni. Jirani hatasikia hata moja. Gitaa lipitishe moja kwa moja kwenye kompyuta. Kelele pekee itakayobaki chumbani ni ya mwimbaji: msimamishe katikati ya magodoro, epuka saa za mvua kwa ajili ya mabati, na acha desibeli 6 hivi za akiba kwenye kiwango cha kurekodi ili mayowe yasipasuke. Pesa iliyopo inunue kipaza sauti kimoja kizuri.

Rekodi ya kwanza ya bendi changa mara nyingi hupimwa kwa usafi wake, na kipimo hicho huwapendelea wenye studio. Mimi napima kama kila sauti iliyomo imechaguliwa. Duma walichagua, na kukosa drams kukawapa mtindo. Bendi ya chumba kimoja Embu au Meru inaweza kupimwa kwa kipimo hichohicho, na kukifikia.