Chai Kwenye Kibodi: Jinsi ThinkPad Moja Ilivyookolewa Kisumu

Mashine ilikuwa ThinkPad T450, mojawapo ya zile laptopu ambazo zikishatumika maofisini Ulaya huletwa Kenya na kuuzwa kwa jina la ex-UK. Kilichoimwagikia ni chai ya maziwa, kikombe kizima, upande wa kulia wa kibodi. Mwenyewe, mwanafunzi wa Maseno, aliifuta kwa taulo, akachomoa betri, akaizika ndani ya mchele usiku kucha. Asubuhi akapanda matatu hadi Kisumu mjini, kwa fundi mwenye kibanda karibu na barabara ya Oginga Odinga. Fundi hakuigusa kwanza. Aliuliza.

"Umeiwasha tangu imwagikiwe?"

"Mara moja tu, fundi. Nilitaka kuona kama bado iko hai."

"Basi hiyo mara moja ndiyo tutakayoilipia, kijana wangu."

Wengi hudhani fundi anayeuliza hivyo anatafuta sababu ya kupandisha bei. Ukweli ni kwamba jibu la swali hilo linaeleza hali ya mashine vizuri zaidi kuliko kiasi cha chai kilichomwagika. Chai peke yake, juu ya bodi isiyo na umeme, ni uchafu wa kuoshwa. Chai pamoja na umeme ni kiwanda kidogo cha kutu. Volti 1.23 zatosha kuanza kuyavunja maji, na ndani ya laptopu kuna njia za volti 3.3 na volti 5 ambazo hazilali hata mashine ikizimwa, kwa sababu kuna chipu inayokaa macho ikisubiri ubonyeze kitufe cha kuwasha. Maziwa yana madini yake, potasiamu na kalsiamu, yanayoupitisha umeme vizuri. Basi shaba iliyo upande chanya huanza kuyeyuka, na baada ya saa chache unaona unga wa kijani kwenye pini. Kuiwasha mashine katika hali hiyo ni kuzifungulia umeme njia nyingine zote zilizokuwa zimelala, ile ya taa ya skrini ikiwemo, ambayo volti zake ni nyingi zaidi.

Kijana alijitetea kwamba betri aliichomoa mapema. Ni kweli aliichomoa, lakini T450 ina betri mbili. Moja iko nyuma, unaitoa kwa kusukuma vibanio. Ya pili iko ndani, chini ya kifuniko, na iliwekwa hapo ili mtu aweze kubadilisha ile ya nje bila mashine kuzimika. Kwa ofisi ni sifa nzuri. Kwa mtu aliyemwaga chai ni mtego. Usiku kucha, ndani ya mchele, ile betri ya pili ilikuwa ikiendelea kulisha bodi iliyolowa. Kwenye laptopu nyingi za siku hizi mambo ni mabaya zaidi, kwani betri yote iko ndani na nje hakuna cha kuchomoa. Ukikosa bisibisi, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie mpaka izime kabisa, ondoa chaja, kisha mtafute mwenye bisibisi siku hiyo hiyo.

Kuhusu mchele, sisi tunaoishi jirani na mashamba ya mpunga ya Ahero tungekuwa wa kwanza kujua kama una dawa ya umeme. Hauna. Punje haziwezi kuvuta maji yaliyonaswa kati ya karatasi za plastiki za kibodi, sukari ya chai haziigusi kabisa, na vumbi la wanga linaingia kwenye feni na kwenye matundu ya USB. Apple wenyewe waliwaandikia wateja wao mwaka 2024 kwamba simu iliyolowa isitiwe kwenye mfuko wa mchele. Kikubwa unachopoteza ni muda, maana saa ambazo ungekuwa umeifungua mashine zimepita ukingoja wali.

Fundi alianza na skrubu za chini. Kifuniko kilipotoka, alichomoa waya wa betri ya ndani, kisha akaitoa diski na kuiweka kando kwenye kijaluba, kwa sababu tasnifu ya kijana ilikuwa humo na hakuwa na nakala nyingine. Hapo ndipo alipoinyanyua kibodi. ThinkPad za aina hii zina trei chini ya kibodi na matundu ya kumwagia kimiminika nje kupitia tumbo la mashine, na trei ilikuwa imefanya kazi yake: chai nyingi ilipita ikatokea chini. Iliyobaki ilifuata ukingo wa kulia. Kwa kamera ya simu iliyokuzwa, alinionyesha duara la kahawia kando ya soketi ya USB na pini zake zimeota kijani.

Kwenye usafishaji ndipo mafundi wengi wazuri hukosea. Mkono unaenda moja kwa moja kwenye spiriti. Spiriti hukausha, ndiyo, lakini sukari haiyeyuki ndani yake kwa kiasi cha maana. Ukiisugua bodi yenye chai kwa spiriti unasambaza utando wa sukari na kuukausha vizuri mahali papya. Sukari inataka maji, na maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, yasiyo na madini, yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo: rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri, na chupa hufanana. Fundi alilowesha mswaki laini kwa maji hayo, akasugua, akafyonza kwa karatasi, akarudia mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Baada ya hapo tu ndipo alipoleta spiriti ya asilimia 99, ambayo kazi yake ni kuyasukuma maji yatoke chini ya chipu na kupeperuka nayo. Ile ya dukani ya asilimia 70 imebeba maji ya kutosha kukurudisha nyuma, na vitakasa mikono vingi vina gliserini inayobaki kama mafuta. Thina usiisogeze karibu. Inakula plastiki na maandishi.

Bodi ililala mbele ya feni. Hakuiweka juani juu ya mabati, wala hakuipuliza kwa hewa moto.

Kibodi yenyewe hakuiosha, na hapa nakubaliana naye bila shaka yoyote. Kibodi ya laptopu nyingi ni karatasi tatu za plastiki zilizolaliana kama matabaka ya chapati. Ya juu na ya chini zimechapwa njia za umeme kwa wino wenye madini ya fedha, na ya katikati ina tundu chini ya kila kitufe ili njia mbili zigusane unapobonyeza. Chai ikiingia humo haitoki. Chembe za fedha huyeyuka na kutambaa kuelekea njia ya jirani mpaka zinaunganisha visivyopaswa kuungana. Njia hizo zimepangwa kwa safu za kulala na za kusimama, hivyo mstari mmoja ukifa unaua herufi kadhaa ambazo hata si majirani. Ndivyo ilivyokuwa alipoijaribu: herufi za kona mbalimbali zilikufa kwa pamoja, na moja ikawa inajiandika yenyewe. Ungeweza kuikausha ikafanya kazi wiki mbili. Halafu zinakuja mvua za Machi hadi Mei, hewa ya Kisumu inajaa unyevu, ile sukari iliyobaki inaunyonya, na mashine inaanza kujiandikia tena. Alifunga kibodi iliyotolewa kwenye T450 nyingine iliyokwisha kufa. Mashine iliwaka. Soketi ya USB ya kulia haikurudi.

Si kila laptopu ni rahisi hivyo. Nyingi za bei nafuu kibodi zake zimebanwa kwenye kifuniko cha juu kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Fundi huvikata kimoja kimoja na kurudishia kwa chuma cha kulehemu. Mwanafunzi asiye na pesa ya kazi hiyo anaweza kuomba kibodi ya ndani ichomolewe waya wake bapa tu, atumie ya nje ya USB. Aulize kwanza kama kitufe cha kuwasha kiko kwenye kibodi hiyo, maana kikiwa hapo hataiwasha.

Wavuvi na watembeza wageni wa ufuo wa Dunga huuliza kuhusu maji ya ziwa. Hayana chumvi ya Mombasa, ambako lita moja ya bahari hubeba takriban gramu 35, kwa hiyo hayaharakishi kutu kwa kasi ile. Ubaya wake ni tope. Mito ya Nyando na Sondu-Miriu huishushia Ghuba ya Winam udongo mwingi, na mashine iliyoanguka humo hubaki na udongo chini ya chipu hata ikikauka. Nayo pia ni ya kuoshwa kwa maji yaliyokenekwa kabla ya spiriti.

Ukifika kwa fundi na laptopu iliyolowa, mtazame mkono wake. Mkono huo ukienda kwenye kitufe cha kuwasha kabla ya bisibisi, chukua mashine yako uende kibanda cha pili.