Wasegeju na Hukumu ya Uchotara

Wasegeju wa pwani ya Tanga huelezwa kwa namna mbili zisizopatana. Mara ni wahamiaji kutoka kaskazini walioshuka na asili yao kamili. Mara ni mchanganyiko wa watu uliopoteza lugha yake, ukabaki na Kiswahili kilichotiwa Kidigo. Maelezo haya ya pili ndiyo yanayosikika zaidi, na apendaye neno la kitaalamu huongeza kuwa lugha ya namna hiyo ni krioli. Neno hilo lahitaji kuchunguzwa kabla ya kupokewa, kwani aliyekwisha kuitwa chotara wa lugha hata shairi lake husomwa kwa shaka.

Habari zao si za jana. Mtawa wa Kireno João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapwa Évora mwaka 1609, anawataja kuwa ndio waliouokoa mji wa Malindi mwaka 1589 ulipokabiliwa na Wazimba. Wakati huo walikuwa wafugaji. Baadaye walielekea kusini. Baadhi yao wakakaa ufukweni, katika miji midogo kama Moa, na wengine wakakaa Bwiti na Daluni, chini ya milima ya Usambara. Wa ufukweni walishika Kiswahili. Wa Bwiti na Daluni walibaki na lugha iitwayo Kidaiso.

E. C. Baker, afisa wa Kiingereza, alichapisha historia yao mwaka 1949 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Simulizi za wazee ni hazina, lakini kazi yake kubwa ni kuhifadhi nasaba na njia za safari. Haziwezi peke yake kueleza maneno yenyewe yametoka wapi. Pengo hilo alilijaza Derek Nurse. Katika makala ya mwaka 1982 aliziweka simulizi kando ya msamiati, na ikadhihirika kuwa Kidaiso ni ndugu wa Kikamba, Kikikuyu na Kimeru. Msomaji asipite hapa kwa haraka: vijiji vya chini ya Usambara, umbali mfupi kutoka bandari ya Tanga, vina lugha ambayo jamaa zake wako pande za Mlima Kenya!

Mwaka 2000 Nurse alitoa, huko Köln, kitabu kizima juu ya lugha mbili zilizobadilishwa na majirani: Kiilwana cha Mto Tana, kilichokaa na Kiorma, na Kidaiso, kilichokaa na lugha za pwani na za Usambara. Nguvu ya kitabu ni kutenganisha kilichorithiwa na kilichoazimwa. Kidaiso kimeazima maneno mengi, lakini urithi wake wa Kibantu ungali unasomeka. Krioli ni jambo jingine. Mfano wake halisi Afrika Mashariki ni Kinubi cha Kibera na Bombo, kilichozaliwa miongoni mwa askari wa Kisudani katika karne ya 19: maneno yake ni ya Kiarabu, ila sarufi ya Kiarabu imevunjwa ikajengwa upya. Kidaiso hakikuvunjwa. (Kinubi nacho ni lugha kamili, na kukitumia jina lake kama tusi ni kosa lile lile.)

Kiswahili chenyewe kiliwahi kuvishwa joho hilo kwa sababu ya maneno yake ya Kiarabu, mpaka kazi kama ile ya Nurse na Hinnebusch ya mwaka 1993 ikaonyesha kwa mapana nafasi yake ndani ya lugha za Kisabaki. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliofurahia utetezi huo huwanyima majirani zao haki hiyo hiyo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa na wazazi wa asili ya Kiyao. Hakuna mhakiki anayepima mizani ya beti zake kwa kuuliza babu zake walitoka wapi. Kwa nini basi Msegeju wa Moa aulizwe?

Kasoro ya utafiti wa Nurse ipo, nayo si ndogo kwa mpenda fasihi. Lugha humjia kama sauti, viambishi na orodha za maneno, na msemaji huonekana kama mtu aliyepatwa na mabadiliko. Wasegeju wa ufukweni hawakupatwa tu. Kushika Kiswahili kuliwaingiza katika biashara, madarasa ya Kurani na tungo za mrima, ambamo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi. Hilo lilikuwa chaguo lenye faida na hasara, na hasara yake haionekani katika jedwali la sauti.

Wasomaji wa visiwani wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Baada ya Kiunguja cha mjini kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba vilisikia maneno kama hayo ya kudunishwa, ingawa ni lahaja za Kiswahili na Kidaiso ni lugha nyingine kabisa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inaruhusu na kuhimiza lugha za jamii zitumike na zichapishwe. Kazi inayofaa kuvifuata vitabu vya wanaisimu ni diwani ya nyimbo na ngano za Bwiti na Daluni, kwa Kidaiso upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, ikiwa na majina ya waimbaji, na maneno ya kuazima yakiachwa mahali pake bila kusafishwa.