Dhiki, Wino na Msemewa: Uhakiki wa Sauti ya Dhiki

Mojawapo ya kauli zinazorudiwa sana katika mijadala ya ushairi wa Kiswahili ni kwamba mshairi hutunga ili apunguze dukuduku la moyo. Kauli hii ina ukweli ndani yake, lakini aghalabu hutajwa kana kwamba imemaliza mambo: moyo ulijaa, kalamu ikashikwa, moyo ukatua. Ikichukuliwa hivyo, utungo hauna tofauti na kilio. Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli hiyo kwa kuitazama diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, na kuonyesha kwamba kuandika humfaa mwenye dhiki kwa mambo mawili ambayo kilio hakina: dhiki hupewa umbo, na hupewa msemewa.

Jambo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Mnamo mwaka wa 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi unaojulikana hadi leo kwa jina lake. Kabla ya kuingia katika wosia wenyewe, mtunzi anataja kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata kumwambia mwanawe neno jema. Ndipo anapomwita aje akae mbele yake na wino na karatasi, kwani moyoni mna jambo analopenda kumwambia. Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa. Maradhi yanatajwa kwa ufupi. Kisha vinaitishwa vitu viwili pamoja, karatasi na mtu wa kusemeshwa. Tokea hapo mgonjwa anageuka kuwa mwalimu. Shaaban Robert naye, alipofiwa na mkewe Amina, hakuridhika kuusimulia msiba huo kwa nathari peke yake katika Maisha Yangu. Alitunga shairi, na ndani yake anamsemesha marehemu mwenyewe. Hata palipokuwa hapana tena wa kujibu, mtunzi hakukubali kusema peke yake.

Katika jadi hiyo ndimo inamopasa kuwekwa Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika mwaka wa 1968 kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi?, ambacho kiliikosoa serikali ya wakati ule. Kwa kijitabu hicho alishtakiwa kwa uchochezi, akatumikia kifungo cha miaka mitatu, kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1972, na sehemu kubwa ya muda huo aliishi katika upweke. Mashairi yake aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa na Oxford University Press mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ni kinaya kilicho wazi kwamba tuzo hiyo ilibeba jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni umbo. Sehemu kubwa ya diwani imo katika bahari ya shairi la kawaida: mishororo minne, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Huenda msomaji akauliza ilikuwaje mtu aliyenyang'anywa uhuru wote akajitia tena katika kifungo cha vina na mizani. Jawabu ni kwamba vifungo hivi viwili si vya namna moja. Kifungo cha gereza huwekewa mtu. Kifungo cha arudhi mtunzi hujiwekea mwenyewe, na humo yeye ndiye hakimu. Hasira haina mwanzo wala mwisho, lakini ubeti una mwanzo na mwisho. Anayetafuta kina hulazimika kuligeuza neno, kulipima na kulikataa, na kwa kufanya hivyo huigeuza na kuipima ile hasira yenyewe. Katika "Kuno Kunena", mathalani, mfungwa anauliza kwa nini kule kusema kwake kumemtia ndani. Shairi hilo limejengwa kwa kuyachezea maneno machache yanayofanana kwa sauti. Machungu yamo, lakini yamekuwa swali lililonyooka ambalo mwenye mamlaka anapaswa kulijibu.

Pamoja na umbo kuna fumbo. Katika "Jipu" maumivu yanasemwa kupitia uvimbe unaomtesa mtu mwilini, na katika "Mamba" mwenye nguvu ni mnyama wa mtoni anayejigamba na kusahau kwamba naye atakufa. Ni rahisi kusema kwamba mafumbo haya yalitumiwa kwa kuwaogopa askari wa gereza. Hata hivyo fumbo lina kazi nyingine kwa mtunzi mwenyewe: linaiweka dhiki mbele yake, mahali anapoweza kuitazama. Anayesema "ninaumia" bado yumo ndani ya maumivu. Anayelieleza jipu amekwisha kuwa mtazamaji wake, anajua lilipo na anajua kwamba lina siku yake ya kupasuka. Kwa upande huu "Mnazi: Vuta N'kuvute" unapungukiwa. Malumbano ya Alii na Badi juu ya mnazi yamepangwa kwa ustadi, lakini hoja imeitawala dhiki kiasi cha kuificha, na msomaji hutoka na mafunzo kuliko machungu.

Jambo la pili ni msemewa. Mtu aliyewekwa peke yake amenyimwa kwanza kabisa wa kuzungumza naye. Kwa hiyo si bure kwamba diwani hii imejaa sauti za watu wanaosemezana, wanaoulizana na wanaobishana. Hata katika "Usiniuwe" mtoto ambaye hajazaliwa anapewa ulimi wa kumwomba mamaye asimuue. Lugha yenyewe ni ushahidi. Mtunzi aliyefungwa Kamiti, bara, mbali na pwani, anaandika kwa Kimvita, kwa matamshi na msamiati wa mtaani kwao. Kimvita kinampa msomaji wa bara taabu kidogo, lakini ndicho kinachomwonyesha kwamba mfungwa alikuwa akizungumza na nyumbani.

Utafiti wa kisaikolojia unaliunga mkono jambo hili kwa njia yake. Mwaka wa 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya tukio zito la maisha yao pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa waganga mara chache zaidi. Kuandika hakukuondoa uchungu papo hapo. Faida ilionekana baadaye, kwa wale walioliunganisha tukio na hisia.

Hapa linazuka swali zito. Ikiwa mashairi yalimtuliza mfungwa, je, hayakupunguza makali ya upinzani wake? Msomaji anayeshikilia siasa peke yake hupenda kuyapuuza machozi, na anayeshikilia machozi hupenda kuisahau siasa, kana kwamba mtunzi alikuwa mgonjwa aliyehitaji dawa wala hakuwa raia aliyedhulumiwa. Diwani inawakataa wote wawili. Katika "N'shishiyelo ni Lilo" na "Siwati" msimamo ni uleule uliomtia mtunzi gerezani: alilolishika ndilo, wala haliachi. Utulivu uliomo katika tungo hizo ni wa mtu aliyekwisha kuipima gharama ya neno lake na kukubali kuilipa. Hauna dalili ya kusalimu amri. Hata jina la kitabu linasema hivyo. Dhiki kwa kawaida humnyamazisha mtu, na hapa imepewa sauti.

Walimu na wanafunzi wa fasihi hawana budi kuyashika yote mawili pamoja. Miaka kadhaa baadaye, mwaka wa 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharabainĩ, juu ya karatasi za chooni katika gereza lilelile la Kamiti. Kuzisoma kazi kama hizi kwa kutafuta dhamira ya kisiasa tu ni kumsahau mtu aliyekaa peke yake na kipande cha karatasi. Kuzisoma kama liwazo tu ni kuwasamehe waliomweka humo. Wino haukuifungua milango ya Kamiti, wala haukumwondolea mfungwa siku hata moja ya kifungo chake. Ulilofanya ni kuhakikisha kwamba siku hizo hazikupita bila ya kusemwa, na bila ya mtu wa kuambiwa.