Nyota, Mwenge na Musalaba wa Shaba

Katika kitabu hiki tumezoea kuongea juu ya ngoma, ndoa na majina ya wazee wetu. Mara hii tunaongea juu ya bendera. Wengine watauliza: bendera nayo iko desturi? Sisi tunasema ndiyo. Mwaka wa 1885 watu wa inchi hii walikuwa wanasimama mbele ya kitambaa chenye nyota. Mutoto wa masomo anachora nyota ile mbele ya kujua kuandika jina la mugini wa babu yake.

Sababu ya kuandika ni hii: chama chetu kinatafuta bendera yake, na vijana walileta michoro. Mumoja alitia ngoma, mukuki, muhindi, kitabu, samaki, mikono miwili, na jina nzima la chama kuzunguka vyote. Alitumika na roho yote, hatumuchekelei. Lakini tulipotundika karatasi ile ku ukuta na kurudi nyuma hatua makumi mawili, hatukuona ngoma wala samaki. Tuliona kitu kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Na bendera haisomwi karibu. Inasomwa kwa mbali, upepo ukiikunja, na siku zingine hakuna upepo hata kidogo.

Basi tuangalie zile ambazo inchi yetu ilikwisha kubeba. Ile ya Léopold II ilikuwa buluu na nyota moja ya manjano katikati. Hata kama inauma kusema, kwa macho ilikuwa bendera nzuri: rangi mbili, alama moja, mutoto anaichora kwa makaa. Ubaya haukuwa katika muchoro, ulikuwa katika maana waliyoitia. Walisema nyota ni nuru inayoletwa kwa watu wa giza, na wakati ule ule watu walikuwa wanakufa juu ya mupira.

Tarehe 30 Juni 1960 nyota ile ilibaki, wakaongeza nyota sita ndogo upande wa mulingoti, moja kwa kila jimbo. Hapa njo tuna lawama. Bendera inayohesabu majimbo inazeeka upesi. Mwaka wa 1997, Zaïre ilipokwisha, nyota sita zikarudishwa, kumbe inchi ilikuwa na majimbo 11 pamoja na Kinshasa. Mutoto akiuliza zile sita ni za nani, mwalimu angemujibu nini? Tangu 2015 tuko na majimbo 26. Tungefuata hesabu ile, kitambaa kingekuwa sawa mchele uliomwagika. Watu wa Marekani wanaongeza nyota kila jimbo likiingia, wamefika 50. Ni desturi yao, lakini waombe mumoja wao aichore bila kuhesabu.

Ya Zaïre, ya mwaka wa 1971, ilikuwa na nguvu. Majani mabichi, duara ya manjano, mukono unaoshika mwenge wa moto: unaitambua toka mbali, na hakuna aliyeichanganya na ya inchi ingine. Ila mwenge ule ulikuwa alama ya MPR. Chama kilipoanguka, bendera nayo ikaanguka, ingawa muchoro haukuwa na kosa. Nguo ya mutu mumoja haiwezi kuwa nguo ya familia yote.

Hii tuliyo nayo tangu Februari 2006 inarudia karibu umbo la miaka ya 1960, lakini buluu yake ni ya mbingu. Tunaipenda, na tena tunailaumu kidogo. Ukanda mwekundu unapanda toka chini ku mulingoti mpaka juu upande mwingine, na nyota inakaa juu ku kona ya mulingoti. Lakini mara ngapi tumeona ku ukuta ukanda unashuka, unakatiza nyota yenyewe! Wapakaji wa rangi wanaacha pia mistari myembamba ya manjano, wanadhani ni urembo tu. Hapana. Ile mistari inatenga nyekundu na buluu. Bila yo, kwa mbali rangi zile mbili zinaingiliana. Kama watu wengi wanakosea pale pale, si ujinga wa mupakaji peke yake. Muchoro nao una sehemu yake.

Sasa musalaba wa shaba. Vijana wawili walileta muchoro wa musalaba moja tu, ule wazee walimimina katika udongo na kutumia kama feza, hata kwa mali ya ndoa. Muzee mumoja akasimama: «Ile ni ya Tshombe!» Anasema kweli, misalaba tatu ilikuwa ku bendera ya Katanga toka 1960 mpaka 1963. Lakini wachimbaji waliofika Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka wa 1957 na 1958, waliikuta ndani ya makaburi ya zamani sana, mbele ya Tshombe na mbele ya Léopold. Kama inchi iliweza kutwaa nyota ya Léopold na kuipa maana yake yenyewe, sisi tunashindwa namna gani kurudisha kitu cha babu zetu?

Hata hivi hatutaki kumunyamazisha muzee. Kati yetu kuko watu ambao familia zao zilifukuzwa Katanga mwaka wa 1992 na 1993 juu ya asili yao ya Kasaï, na kwao alama ile si shaba tu. Kwa hiyo shauri letu: musalaba moja, si tatu, rangi ya shaba juu ya buluu ya giza, bila nyekundu, nyeupe na majani pamoja, hakuna maandishi. Na wale walioumia waulizwe kwanza, si kupashwa habari kiisha.

Tulimwonyesha mama mumoja wa familia hizo karatasi ile. Aliiangalia kwa muda, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tushone kwanza moja ya kitambaa, tuipandishe ku muti wa embe nyuma ya nyumba ya mikutano, naye atakuja kuiangalia toka barabarani.