Bahari na Msomaji wa Bara: Uhakiki wa *The House of Rust*

Riwaya ya Khadija Abdalla Bajaber, *The House of Rust* (2021), imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ni rahisi mhakiki wa fasihi ya Kiswahili kuiacha ipite. Kufanya hivyo ni hasara. Mwandishi ni mwana wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut, na ulimwengu anaousawiri ni wa Waswahili.

Aisha, binti wa mvuvi, anaingia baharini kumtafuta babake aliyepotea. Chombo chake kimeundwa kwa mifupa. Mwongozi wake ni Hamza, paka asemaye. Anakabiliana na madubwana ya baharini, la mwisho likiwa Baba wa Papa. Jina hili lastahili kutazamwa. Msomaji wa Kiingereza hana budi kuelezwa maana yake, na akishaelezwa amepata maana bila sauti. Kwa sikio la Mswahili, *baba* na *papa* yanakaribiana mno, yakitenganishwa hasa na ghuna. Binti anayemtafuta baba anakutana na papa! Lugha imekwisha kutenda nusu ya kazi ya msanii.

Shaaban Robert katika *Adili na Nduguze* (1952) aliifanya bahari kuwa mahali pa kupima tabia: ndugu wenye husuda wanamtosa Adili, jini anamwokoa, na kila mtu hatimaye avuna alichopanda. Bajaber hamlipi mhusika wake hivyo. Aisha anamrejesha babake, lakini nyumba anayorudia ni finyu kuliko mashua. Hapo ndipo uzito wa riwaya ulipo, ingawa sehemu hii ya pili ina mazungumzo ya kunguru yanayorefushwa kupita haja.

Yumkini pataulizwa: kijana wa Kitengela au Kajiado, aliye mamia ya kilomita kutoka pwani, na aliyeona mifugo ikifa kwa ukame wa mwaka 2022, ana haja gani na madubwana ya baharini? Swali hili lamdharau msomaji. Katika kaunti hiyohiyo limo ziwa Magadi, maji mapana yasiyonyweka, ambayo hata jina lake ni neno la Kiswahili. Tena, maajabu hayahitaji ujirani. Kama yangehitaji, hata mtoto wa Mombasa asingesoma habari za mji wa mawe aliouona Adili.

Tatizo lenyewe ni la lugha. Mfasiri wa riwaya hii atumie Kiswahili kipi? Akiwafanya wahusika waseme Kimvita, Hababa, bibi yake Aisha, atamwita mjukuu wake kwa *ndoo*. Kitengela, mji wa makabila mengi ambako Kiswahili ndicho kiungo, ndoo ni ile inayopangwa foleni kungojea maji. Msomaji atacheka, kisha atasoma tena. Wako watakaopendekeza *njoo* ili kuepusha mkanganyo, na usimulizi hakika wafaa uwe katika Kiswahili sanifu. Lakini kuyasanifisha mazungumzo nako ni kumwondoa Hababa Mombasa na kumweka darasani. Ugeni wa dakika moja ni bei ndogo. Kijana aliyekwisha kukubali paka asemaye hatashindwa na bibi asemaye Kimvita.